Ujuzi wa programa: upi unachacha, upi haufi

Binti aliyeletwa kwetu kwa mafunzo kwa vitendo alifungua daftari lake siku ya pili tu. Ofisi yetu ya kuandika programu za kompyuta iko mtaa wa Mwanga, Kigoma mjini, chumba kimoja chenye meza tatu na feni. Kwenye ukurasa wa katikati alikuwa ameorodhesha kwa kalamu ya bluu vitu 19 vya kujifunza, lugha na vyombo vya kuandikia programu: React, Vue, Angular, TypeScript, Node, Docker, Kubernetes, Python, Go, Rust, Flutter, Kotlin, MongoDB, na kuendelea hadi mstari wa mwisho ulioandikwa "akili mnemba" na kupigiwa mistari miwili chini yake. "Kaka," akaniuliza, "nianze na kipi? Maana nikimaliza hiki, naona kile kimeshapitwa."

Sikumjibu vizuri. Nilimwambia achague kimoja akikamate, jibu la mtu mwenye kazi mezani. Lakini swali lake lilinikaa, kwa sababu orodha kama ile nimeibeba kichwani miaka yote 12 niliyofanya kazi hii. Najua inavyomkosesha mtu usingizi, inavyomfanya aone kila mwenzake yuko mbele, na inavyomfanya aanze vitu sita asimalize hata kimoja. Haya ninayoandika ni jibu nililopaswa kumpa.

Daktari, mwalimu na mhasibu nao husoma mpaka wanastaafu. Tofauti ya programa, yaani mwandishi wa programu za kompyuta, ni kwamba chombo alichoshika mkononi hubadilishwa akiwa katikati ya kazi, na asiyepata habari hudhaniwa hajui kazi yenyewe. Shinikizo hilo ni la kweli, silikatai. Ila tumelipa jina moja, "kupitwa na wakati", kana kwamba ni ugonjwa mmoja wenye dawa moja. Ndani ya jina hilo kuna ujuzi unaokufa kwa tarehe iliyotangazwa miaka mingi kabla, kuna ujuzi unaokufa kwa sababu mwenye chombo kaamua, kuna ujuzi ambao haujatikisika kwa miaka 50, na kuna kelele tupu. Asiyevitenganisha atavikimbilia vyote kwa mbio ileile, na atachoka kabla ya wakati wake.

Karabai na giza

Shuka mwalo wa Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, jioni katika siku za giza, uangalie mitumbwi ya dagaa ikijiandaa kutoka. Dagaa hufuata mwanga, ndiyo maana huvuliwa usiku kwa taa, na ndiyo maana wavuvi hupumzika siku za mbalamwezi: ziwa zima likiwa na mwanga, taa ya mtumbwi haikusanyi kitu. Zamani taa hiyo ilikuwa karabai. Ilitaka kupampuliwa, ilikula mafuta ya taa, ilikuwa na tundu dogo lililoziba kila mara, na mwaloni palikuwa na mafundi waliojulikana kwa kuzizibua. Leo utaona taa za LED zinazotumia betri, na betri nyingi huchajiwa kwa sola.

Ujuzi wa kuzibua karabai umepoteza soko, na si kosa la fundi. Lakini ujuzi wa kujua usiku upi utoke, usimame wapi, na wavu uvutwe lini, haukuguswa hata kidogo. Mvuvi aliyekuwa nao alizoea taa mpya kwa siku chache akaendelea na kazi. Aliyekuwa anajua taa peke yake ndiye aliyeumia.

Kazi yetu iko hivyohivyo, na tarehe zinaonyesha wazi. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa IBM, alichapisha wazo la kuhifadhi data katika majedwali yanayohusiana. Mwaka 1974 wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakaeleza lugha ya kuyauliza majedwali hayo maswali, ambayo leo tunaiita SQL. Ikafanywa kiwango rasmi Marekani mwaka 1986. Sentensi ya SELECT, ile ya SQL ya kuchagua data, niliyofundishwa chuoni ndiyo niliyoiandika juzi kumjumlishia mfanyabiashara wa mawese madumu aliyouza kwa mwezi, na sikuhitaji kuangalia popote. Lugha ya C ni ya mwaka 1972, na ukiifahamu vizuri leo bado unalipwa. Kanuni za TCP/IP zinazosafirisha kila ujumbe wa intaneti zilianza kutumika rasmi kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, tarehe 1 Januari 1983. Wavuti aliupendekeza Tim Berners-Lee akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Ulaya, mwaka 1989, na namna kivinjari kinavyoiomba seva ukurasa bado inaeleweka kwa yeyote aliyeijua wakati ule.

Sasa weka pembeni yake AngularJS, chombo cha kujengea kurasa za wavuti kwa lugha ya JavaScript. Google waliitoa mwaka 2010 na kwa miaka kadhaa ilikuwa ndiyo mjini. Mimi niliihangaikia karibu mwaka mzima. Mwaka 2016 likatoka toleo la pili lililoandikwa upya kutoka chini, ambalo halikupatana na la kwanza: huwezi kusasisha kwa kubonyeza kitufe, ni kuandika programu yako tena. Matunzo ya toleo la kwanza yakakoma tarehe 31 Desemba 2021. Majina yote niliyoyakariri, zile alama zake za pekee, sina pa kuyapeleka leo.

Hata hivyo mwaka ule haukupotea wote. Nilijifunza humo namna ya kutenganisha data na kile mtu anachokiona kwenye skrini, namna ya kugawa ukurasa katika vipande vinavyojitegemea, na shida zinazotokea vipande viwili vinapotaka kubadilisha data ileile. Nilipohamia React, chombo kingine cha kazi hiyohiyo ambacho Facebook walikitoa kwa umma mwaka 2013, shida hizo nilizikuta zikinisubiri, na nilizitambua kwa sura.

Kwa hiyo nimejizoesha kujiuliza swali moja kabla ya kutoa muda wangu: je, jambo hili lingebaki kuwa tatizo hata kama waliotengeneza chombo hiki wangefunga duka kesho? Chukua ghala lenye makarani wawili, kila mmoja na kompyuta yake, na kimebaki kiroba kimoja cha dagaa. Wote wawili wanakiuza ndani ya sekunde moja. Mfumo ukisoma "kimebaki kimoja" mara mbili kabla haujaandika "kimeuzwa", umeuza kiroba ambacho hakipo. Tatizo hilo lipo katika PHP, lipo katika Python, lipo katika Go, na litakuwepo katika lugha ambayo bado haijazaliwa. Dawa yake, kuifanya hifadhidata ikamilishe hatua zote kama jambo moja lisilokatizwa, ni ya zamani na inafanya kazi kila mahali. Muda uliowekwa hapo haupotei.

Siku skrini ilipokuwa nyeupe

Nisieleweke kwamba vyombo ni vya kupuuzwa. Nimelipia kuvipuuza.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa, mwaka 2014, ilikuwa mfumo wa mama mmoja anayenunua dagaa Kibirizi na kuwasafirisha. Mfumo ulirekodi viroba vinavyoingia, vinavyotoka na nani anadaiwa. Niliuandika kwa PHP, lugha ya kuandikia mifumo ya wavuti, na kila ukurasa uliifungua hifadhidata kwa amri ya mysql_connect, kama nilivyoona kwenye mafunzo yote niliyosoma. Ulifanya kazi miaka mitano bila kelele.

Asubuhi moja mwanzoni mwa 2019 akanipigia: "Mwanangu, mashine imekuwa nyeupe." Nikashuka na bodaboda. Skrini kweli ilikuwa nyeupe tupu, lori lilikuwa nje linasubiri, na daftari la zamani la karatasi lilikuwa limeshatolewa kabatini. Nilipofungua kumbukumbu za seva nikakuta mstari mmoja unajirudia: amri ya mysql_connect haitambuliki.

Kilichotokea ni hiki. Toleo la 5.6 la PHP liliacha kupokea viraka vya usalama tarehe 31 Desemba 2018. Kampuni iliyotuhifadhia tovuti ikahamisha seva zake kwenda toleo la 7, jambo la busara kwa upande wao. Na toleo la 7.0, lililotoka Desemba 2015, lilikuwa limeondoa kabisa amri zile za zamani. Baya zaidi ni kwamba amri hizo zilitangazwa kuwa njiani kuondolewa tangu toleo la 5.5, mwaka 2013. Maana yake siku ninaandika mfumo ule, chombo nilichochagua kilikuwa kimeshatolewa notisi, na mimi sikujua. Hata barua pepe ya kampuni ya kutuonya ilikuwa imefika miezi kadhaa nyuma, kwenye anwani ambayo sikuwa naifungua tena.

Nilifanya kazi usiku ule mpaka alfajiri. Kigoma wakati huo bado tulitumia umeme wa majenereta ya dizeli, kabla ya kuunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2022, na umeme ulikatika mara mbili. Nilibadilisha sehemu 63, moja baada ya nyingine. Nilichobadilisha ni mlango wa kuingilia hifadhidata. Maswali ya SQL yenyewe yalibaki karibu kama yalivyokuwa, na hesabu za madeni hazikuguswa. Nilipoona hilo, saa kumi alfajiri, ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza kwamba mfumo wangu una tabaka zinazozeeka kwa kasi tofauti. Pia nilielewa kwamba yule mama alipoteza siku ya biashara kwa sababu sikuwa nasoma kalenda.

Nasema kalenda kwa makusudi. Vifo vya kweli katika kazi yetu huwa na tarehe, na tarehe hiyo hutangazwa mapema mno. Python 3 ilitoka Desemba 2008, lakini Python 2 iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Waandishi walipewa zaidi ya miaka 11. Adobe walitangaza mwaka 2017 kwamba Flash, chombo chao cha kuchezesha video na michezo kwenye kurasa za wavuti, itakoma mwisho wa 2020, na ikakoma siku hiyohiyo. Toleo la chombo likishavuka tarehe yake, tundu la usalama likigunduliwa halizibwi tena, na hapo hakuna hoja ya mitindo wala ushabiki: unahama, au unaacha mlango wazi kwenye ghala la mtu.

Wenye soko nao wana kalenda yao. Programu ya simu iliyowekwa Play Store inatakiwa kila baada ya muda isogezwe ilenge toleo la karibuni la Android. Isiposogezwa, watumiaji wapya wenye simu za toleo jipya hawaioni wanapoitafuta. Inauma kwa sababu programu yenyewe haina kasoro. Umewaandikia kikoba cha kina mama wa Ujiji programu ya michango, inafanya kazi vizuri kabisa, na bado lazima uirudie kwa sababu mwenye soko kabadili masharti. Katika kundi hili sina ushauri wa kukwepa. Ni kodi ya pango, inalipwa.

Kinachobaki baada ya kutoa msingi na kalenda ni matangazo. Kila wiki kuna chombo kipya, na nyuma ya kila chombo kuna mtu ambaye kazi yake ni kukutangazia. Hilo halimaanishi vyote ni vibaya. Vingine vinaponya maumivu ya kweli. Lakini ukweli wa tangazo hauutambui siku ya tangazo, unautambua baada ya mwaka, miwili, ukiona watu wenye mifumo mikubwa wamebaki nacho au wamekimbia. Mimi hungoja. Kungoja kumenisaidia mara nyingi kuliko kuwahi.

Kwa nini vyombo vinaongezeka hivi

Binti aliniuliza pia swali ambalo wakubwa hawaulizi: mbona SQL imetulia na JavaScript haitulii?

Sehemu ya jibu iko kwenye kuzaliwa kwake. Brendan Eich aliiandika JavaScript mwaka 1995 akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari, na toleo la kwanza lilimchukua siku 10. Ilikuwa lugha ndogo ya kuchangamsha kurasa. Baadaye ulimwengu ukaibebesha benki, ramani na ofisi nzima, mizigo ambayo haikuundiwa. Pengo hilo likazibwa na watu wa nje, kila mmoja kwa njia yake: jQuery mwaka 2006, kisha AngularJS, React, Vue, na wengine wengi. Lugha yenyewe ilipata mageuzi makubwa mwaka 2015, na tangu hapo hutoa toleo kila mwaka. Lakini angalia jambo hili ambalo watu hulisahau: ukurasa wa zamani wa miaka ya 1990 bado unafunguka kwenye kivinjari cha leo. Lugha haikuwatupa wazee wake. Kinachobadilika kila siku ni rundo lililojengwa juu yake.

Na rundo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa vifurushi vyake, yaani vipande vya programu vilivyo tayari kutumiwa na wengine, kwenye hazina ya pamoja ya JavaScript. Kimojawapo, kilichoitwa left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi mwanzoni mwa maandishi. Miradi mingi mno duniani ikakwama siku hiyo, ikiwemo ya makampuni makubwa, kwa sababu vifurushi walivyotumia vilitumia vifurushi vingine vilivyokitumia kile. Kila kifurushi katika mnyororo huo kina kalenda yake. Ukikiongeza kimoja kwenye mradi, umejiongezea tarehe nyingi za kufuatilia bila kujua. Kwa maoni yangu nusu ya uchovu wa programa wa leo hautokani na kujifunza vitu vipya. Unatokana na kutunza vitu alivyovibeba bila kuvihitaji.

Hapa Kigoma uzito wa rundo hilo unauona kwenye bando. Mradi mpya wa React waweza kushusha mamia ya megabaiti kabla hujaandika mstari wako wa kwanza. Video ya mafunzo ya saa tatu ndiyo usiseme. Mwenzetu mwenye intaneti ya ofisi isiyokatika anajaribu vyombo vitano Jumamosi, anafuta vinne, na hajapoteza kitu. Mwanafunzi anayenunua bando la usiku na kuweka kengele ya saa saba hana nafasi hiyo. Kwake kuchagua vibaya ni pesa ya chakula. Ndiyo maana namsisitizia asome maandishi kuliko video: nyaraka za lugha nyingi zinashushwa mara moja, zinakaa kwenye kompyuta, na zinasomeka hata mtandao ukilala.

Tangazo la kazi na mteja wa Mwanga

Kuna shinikizo lingine ambalo si haki kulipuuza. Tangazo la kazi kutoka Dar es Salaam, au la kampuni ya nje inayoajiri watu wa mbali, litataja majina kumi ya vyombo. Anayechuja barua mara nyingi si programa, na jina ni rahisi kulitafuta kwenye karatasi kuliko kutafuta akili. Ukimwambia kijana "shika msingi tu, majina hayana maana", unamfungia mlango. Majina ni geti. Ninachomwambia ni kwamba geti moja linatosha kuingilia: jina moja ulijue hadi uweze kueleza linakosea wapi, na mengine uyajue kama mtu anavyozijua stesheni za Reli ya Kati bila kushuka kila moja.

Lakini wateja wetu wa kila siku, yaani famasi, SACCOS, shule, ghala la mawese, hawajawahi kuniuliza natumia fremuweki gani, yaani chombo gani cha kujengea kama React. Wanauliza kama risiti itatoka mtandao ukiwa haupo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Mifumo niliyoijenga iandike kwanza kwenye kompyuta ya dukani, kisha ipeleke nakala mtandaoni njia ikifunguka, iliendelea kuuza. Ile iliyotegemea seva ya mbali kwa kila kubofya ilisimama. Kujenga mfumo unaovumilia mtandao kukatika, kisha kupatanisha hesabu za pande mbili bila kuuza kiroba mara mbili, ni ujuzi mgumu na wa thamani kubwa. Sijawahi kuuona kwenye tangazo la kazi.

Wala sheria sijaiona humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Famasi inayotunza jina la mgonjwa, namba yake ya simu na dawa anazotumia ina wajibu juu ya taarifa hizo, na aliyeijengea mfumo anapaswa kuujua. Programa aliyehamia chombo kipya zaidi lakini anawaachia makarani wote nenosiri moja, huyo ndiye aliyepitwa.

Halafu kuna swali la nani analipa muda wa kusoma. Tumeuzoea utaratibu ambapo mwajiri anavuna ujuzi mpya na programa anaugharamia kwa usingizi wake. Nilikuwa nasoma saa nne usiku hadi saa nane, kila siku, mpaka mtoto wetu wa pili alipozaliwa na mwili ukakataa. Tangu hapo gharama hiyo naiandika kwenye mkataba. Mteja wa Kigoma haelewi neno "kusasisha", lakini anaelewa sevisi, kwa sababu ana boti au ana pikipiki. Namwambia: injini ya boti huiendeshi mwaka mzima bila kubadilisha oili, na mfumo huu nao una sevisi yake kila mwaka, bei ni hii. Wengi wanakubali. Wasiokubali nawaandikia kwa maandishi tarehe ambayo mfumo wao utakuwa hatarini, nao wanasaini. Kwa walioajiriwa ningependa tudai saa za kusoma ndani ya saa za kazi, waziwazi, kama tunavyodai likizo.

Mstari uliopigiwa mistari miwili

Akili mnemba ndiyo iliyomtisha binti kuliko vyote. Alisikia kwamba kuna haja gani ya kujifunza wakati mashine inaandika. GitHub Copilot, msaidizi wa kuandika programu, ilianza kuonyeshwa mwaka 2021, ChatGPT ikafunguliwa kwa watu wote Novemba 2022, na tangu hapo hata mimi nazitumia karibu kila siku.

Nikampa kazi: andika sehemu ya kuuza kwenye mfumo wa ghala, tumia msaidizi unayemtaka. Alimaliza kabla ya chakula cha mchana. Msimbo ulikuwa safi, majina yamepangwa vizuri kuliko yangu. Nikafungua madirisha mawili, nikaweka kiroba kimoja ghalani, nikamwambia bonyeza hapa nami nabonyeza huku, kwa hesabu ya tatu. Viroba viwili vikauzwa. Akabaki anaangalia skrini ikiwa imeandika baki: kasoro moja.

Mashine ingeweza kuandika vizuri kama angeiuliza kuhusu watu wawili. Hakuiuliza kwa sababu hakujua kwamba ni swali. Mashine hizi zimejifunza kutoka maandishi ya miaka mingi, ya zamani na ya sasa pamoja, kwa hiyo zinaweza kukupa kwa sauti ileile ya uhakika amri iliyoondolewa miaka kumi iliyopita. Zinashusha thamani ya kukumbuka majina na alama, sehemu ambayo ndiyo ilikuwa ikichacha haraka zaidi. Zinapandisha thamani ya kujua nini cha kuuliza na kuona pale jibu linapodanganya.

Jambo moja linanitia wasiwasi kweli. Mimi nilijifunza kwa kazi ndogondogo, kurekebisha fomu, kubadilisha ripoti, kazi ambazo mkubwa alinipa kwa sababu hazikustahili muda wake. Ndizo hizo mashine inazozifanya sasa. Tukiacha kuwapa vijana kazi hizo kwa kuwa mashine ni ya haraka, baada ya miaka kumi tutatafuta watu wa kuikagua mashine na hatutawapata. Kwa hiyo ofisini kwetu tumeamua: miezi miwili ya kwanza anaandika mwenyewe, na mimi nakaa naye.

Lile daftari tulilirudia Ijumaa ya wiki ya tatu. Tulichora mistari mitatu ya wima na kuvigawa vitu vyake. Msingi ulipata vichache, na SQL haikuwepo kabisa kwenye orodha. Akaiandika juu, kwa herufi kubwa. Geti likapata kimoja, React, kwa kuwa ndicho anachotaka kuombea kazi. Kubernetes, ambayo imeundwa kuongoza makundi ya seva nyingi, tuliiweka kwenye safu ya kungoja, kwani seva yetu ni moja. Lugha ya Rust nayo ikangoja, ingawa aliipigania. Chini kabisa tukaweka nafasi ya tarehe.

Jumatatu nikashuka naye Kibirizi kwa yule mama wa dagaa, kufanya sevisi. Mfumo wake sasa uko kwenye toleo la 8.2 la PHP. Ukutani ana kalenda ya mwaka 2026, na siku za giza za kila mwezi amezizungushia kalamu nyekundu, kama afanyavyo miaka yote. Nikamwomba ruhusa niandike kitu kwenye ukurasa wa Desemba. Binti akapanda kwenye kigoda, akaizungushia tarehe 31 kwa kalamu ya bluu.

"Siku hiyo kuna nini?" mama akauliza.

"Toleo tunalotumia linaacha kutunzwa, mama," binti akamjibu. "Tutakuwa tumeshakuhamisha kufikia Oktoba."

Mama akaitazama tarehe, akaihesabu na nyekundu zake, akasema Oktoba tuje wakati wa mbalamwezi, hapo hana mzigo.